Je, Wajua? Moto, Mifupa na Bunduki Kuukuu za Njia ya Ndara

Bamba la mtambo la bunduki ya Enfield ya mwaka 1853, kama halijachezewa na mtu, lina mawingu ya buluu, kijivu, kahawia na manjano yaliyochanganyikana bila mpango. Hakuna brashi iliyopita pale, wala rangi ya kopo. Mawingu yale yametokana na chuma chenyewe, siku kilipotolewa motoni na kutoswa majini.

Bunduki za namna hiyo zilipita sana chini ya Ndara. Ndara ya vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 ni mlima wa Sagalla, ule unaoutazama mji wa Voi kutoka kusini. Misafara iliyotoka Rabai na Mombasa ilivuka nyika kavu ya Taru macho yakiwa kwenye vilima vya Taita, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na maji na chakula. Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883 akielekea Taveta na Umasaini. Johannes Rebmann alikuwa amemtangulia kwa miaka 35: mwaka 1848 alikatiza Utaita hadi akaiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei, na inasimuliwa mpaka leo kwamba silaha yake ilikuwa mwavuli. Waliomfuata hawakuwa na imani ya kiasi hicho, wakaja na mitutu.

Je, wajua kwamba mafundi wa bunduki hawakuzitafuta rangi hizo? Walichotafuta ni ugumu. Chuma cha zamani kilikuwa laini, rahisi kufuliwa, kutobolewa na kuchongwa nakshi, lakini kwa ulaini huohuo kililika upesi. Kinyundo cha bunduki kikigonga mara elfu kadhaa, meno ya mtambo yanasagika, na bunduki inaanza kulia yenyewe bila mtu kugusa kifyatulio. Pua, yaani chuma kigumu, ingedumu, ila ingekuwa kazi kuichonga, tena ingevunjika kwa pigo. Dawa ikawa kukiacha chuma kilivyo kwa ndani na kukigumisha ganda tu.

Ugumu wa chuma unaletwa na kaboni. Chuma laini kina kaboni kidogo mno, chini ya sehemu mbili kwa elfu, na ukikipasha moto kikaiva kisha ukakitosa majini, kinatoka laini vilevile. Inabidi kilishwe kaboni kwanza. Basi fundi anachukua vipande vyake vilivyokwisha kusuguliwa vikang'aa, anavipanga ndani ya sanduku la chuma, na kuvishindilia pande zote kwa mkaa wa mifupa uliosagwa, pamoja na mkaa wa mti, na wengine huongeza ngozi iliyochomwa. Anafunika, anaziba mianya kwa udongo wa mfinyanzi ili hewa isipenye, na kulisukuma sanduku tanurini. Humo linakaa saa kadhaa katika nyuzijoto 700 hadi 800 hivi. Mkaa unatoa gesi yenye kaboni, chuma kilichoiva kinainywa, na kaboni inazama taratibu. Ganda linalopatikana ni jembamba: sehemu ya kumi ya milimita, au nusu milimita kwa aliyekuwa na subira.

Sasa inakuja sekunde moja inayoamua yote, na hapa ningemwomba msomaji asimame karibu na pipa. Maji yake ni baridi, mara nyingi ya mvua, kwa sababu maji yenye chumvi huchafua kazi. Chini ya pipa kuna bomba linalopuliza hewa, kwa hiyo maji yanachemka viputo ingawa hayana moto. Wengine hutia shura kidogo, ileile inayotiwa kwenye baruti. Fundi anaushika mlango wa chini wa sanduku jekundu, analishusha mpaka linakaribia kabisa uso wa maji, na kuuachia. Mkaa na chuma vinaanguka pamoja kwa kishindo, mvuke unaruka, maji yanakuwa meusi. Vipande vikichelewa hewani hata kidogo kabla ya kugusa maji, vinatoka kijivu tupu. Viputo vikikosekana, vinatoka vigumu lakini rangi ni hafifu. Kila kiputo kinachokigusa chuma chenye moto kinaacha oksijeni kidogo mahali pake, na kwa kuwa hakuna anayeweza kuviamuru viputo vipite wapi, hakujapata kutoka vipande viwili vinavyofanana.

Oksijeni hiyo inafanya utando juu ya ganda jipya, na unene wa utando huo haufiki sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Utando wenyewe hauna rangi ya kuonekana. Mwanga unapoupiga, sehemu inarudi kutoka juu yake na sehemu inarudi kutoka chini, kwenye chuma. Miali hiyo miwili inakutana na kuzimana au kutiana nguvu kulingana na unene. Ni kanuni ileile inayoufanya upinde wa rangi kwenye dimbwi la maji lililomwagikiwa dizeli pale stendi ya Voi. Utando mwembamba unaonekana wa manjano, ukizidi kidogo unakuwa kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Wahunzi walizijua rangi hizo karne nyingi kabla ya kuwepo kipimajoto: pua iliyosuguliwa ikipashwa taratibu inageuka manjano katika nyuzijoto 220 hivi na buluu inapokaribia 300, na ndivyo mhunzi alivyojua wakati wa kuitoa patasi motoni na wakati wa kuitoa springi.

Juu ya mkaa wa mifupa inafaa niseme neno. Ingawa ni mweusi, ni sehemu moja tu kati ya kumi hivi iliyo kaboni. Kilichobaki, karibu chote, ni fosfeti ya kalsiamu. Na una kazi nyingine Afrika Mashariki, kazi ya heshima kubwa kuliko bunduki. Maji ya Bonde la Ufa, na ya miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yana floraidi nyingi inayoyafanya meno ya watoto kuwa kahawia na kuipinda mifupa. Mkaa wa mifupa unainasa. Kanisa Katoliki Jimbo la Nakuru lilitengeneza vichujio vya mkaa huo kwa miaka mingi, na upande wa Tanzania utafiti wake umefanywa kwenye kituo cha Ngurdoto, Arusha. Mifupa ya machinjioni, inayogombewa na mbwa, inachomwa na kusagwa ikawa chujio la maji ya shule. Fundi wa bunduki wa Birmingham wa mwaka 1860 angeutambua unga ule mara moja.

Je, wajua kwamba kukilisha chuma kaboni hakukuhitaji Birmingham? Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu wafuaji wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Wazee wa Kihaya walijenga tanuri kama walivyoona ikijengwa ujanani mwao, wakachoma matete ya kinamasi kwenye shimo hadi yakawa mkaa, juu yake wakaweka madini na mkaa wa mti, na mifereji ya udongo ya mivukuto wakaiingiza ndani ya tanuri ili hewa ipate moto kabla ya kufika kwenye mkaa. Walichopata ni chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa pua, na mabaki ya tanuri za namna hiyo yaliyofukuliwa Kagera yana umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Karibu zaidi na Ndara, ng'ambo ya tambarare za Taveta, Wapare waliyeyusha chuma na kuwauzia Wachagga, ambao wahunzi wao walikigeuza mikuki. Ukoo wa Washana wa Upare ndio uliokuwa na kazi hiyo na miiko yake.

Bunduki zenyewe ziliingia kupitia Zanzibar, na kwa wingi wa kutisha. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Nyingi zilikuwa kuukuu za majeshi ya Ulaya. Kila taifa lilipobadilisha bunduki, za jana zilitafutiwa soko, na soko lilikuwa hapa. Enfield za kujaziwa mdomoni zilibadilishwa kuanzia mwaka 1866 kuwa Snider za kujaziwa nyuma. Snider zilipopitwa na Martini-Henry mwaka 1871, zikasafiri. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake 1888, iliwapa askari wake Snider. Mtambo wa Snider ulikuwa uleule wa Enfield, na bamba lake lilikuwa limepikwa katika mkaa likapata mawingu yake.

Halafu ikaja sheria ambayo, nionavyo mimi, ni kioja. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingia Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, lakini ukaacha mlango kwa gumegume, bunduki za jiwe zenye mtutu usio na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa hiyo wakati majeshi ya Ulaya yalipokuwa yakigawiwa bunduki za risasi nyingi na baruti isiyo na moshi, viwanda vya Ubelgiji na Uingereza viliendelea kuunda gumegume kwa ajili ya Mwafrika, teknolojia ambayo baba zao walikwisha kuitupa. Bunduki hizo za biashara hazikuwa na mawingu yoyote. Kupika bamba kwa saa kadhaa ni gharama, na mnunuzi hakuulizwa.

Bunduki nzuri nazo ziligoma. Tsavo, 1898. Luteni Kanali John Henry Patterson alikuwa akijenga daraja la reli huku simba wawili wakiwala wafanyakazi wake. Asubuhi moja simba alimjia karibu, akalenga kwa bunduki nzito ya mitutu miwili aliyoazimwa, akafyatua, na mtutu wa kulia ukanyamaza. Kwa mshtuko alisahau kabisa kwamba wa kushoto ulikuwa bado na risasi. Simba wa kwanza alikufa tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29. Ngozi zao alizitandika sakafuni kwa robo karne, kisha mwaka 1924 akaliuzia jumba la makumbusho la Field la Chicago kwa dola 5,000. Huko nako walifanya ukarabati wao: simba walioko kwenye kioo wanaonekana wadogo kuliko walivyokuwa, kwa sababu ngozi za zulia zilikuwa zimepunguzwa kando.

Je, wajua kwamba Rais mstaafu wa Marekani alipita Voi na bunduki ambayo wataalamu wa nchi yake baadaye waliiogopa? Theodore Roosevelt alitua Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, na sehemu ya safari ya treni aliiketi kwenye benchi mbele kabisa ya kichwa cha gari moshi, akiwatazama wanyama wa nyika ya Taita. Miongoni mwa silaha zake ilikuwemo Springfield ya mwaka 1903. Miili ya Springfield za awali ilikuwa ya chuma laini kilichogumishwa ganda, kanuni ileile ya Enfield. Mafundi wa kiwanda walikadiria moto kwa macho: chuma kikifika wekundu fulani, hutolewa. Mwaka 1917 bunduki kadhaa zilipasuka, uchunguzi ukafanywa, na vipima joto vikaonyesha jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Siku ya jua kali, wekundu uleule ulionekana hafifu, kwa hiyo fundi aliacha chuma kipate moto hadi nyuzijoto 160 hivi zaidi kuliko siku ya mawingu. Chuma kilichoungua kikawa chepesi kuvunjika kadiri kilivyokuwa kigumu, na pigo la gesi likakivunja. Springfield zote zenye nambari chini ya 800,000 zikatiwa shaka, na ya Roosevelt ilikuwa mojawapo. Alirudi kwao salama. Wenye bahati mbaya walikuwa wanyama.

Vita Vikuu vya Kwanza viliikuta Taita ikiwa mpaka. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kwenda magharibi, ikafika Maktau katikati ya 1915, na mwezi Februari 1916 wakashindwa kwenye kilima cha Salaita kabla ya kuupenya mpaka mwezi uliofuata, huko Latema na Reata. Kwa mtafuta bunduki kuukuu, jambo la kukumbuka ni moshi. Askari wengi wa Kijerumani walianza vita wakiwa na bunduki za mwaka 1871, milimita 11, za baruti nyeusi. Kila aliyepiga alitoa wingu jeupe juu ya kichaka chake, na adui akajua pa kulenga. Mwezi Aprili 1915 meli ya magendo Rubens ilikwama ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga, ikiwa na Mauser mpya na mamilioni ya risasi. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena.

Baruti nyeusi ni shura sehemu 75, mkaa 15 na kiberiti 10. Masizi yake yanavuta unyevu, na bunduki isiyooshwa kwa maji ya moto jioni inaamka na kutu. Hapa hali ya hewa inaingia kazini. Voi ni pakavu. Chuma kilichoachwa kwenye kabati huko kinadumu miaka. Kipeleke Mombasa, umbali wa kilomita 150 hivi, na hewa ya chumvi itakila kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo maana maganda ya risasi bado yanaokotwa kwenye mahandaki ya Mbuyuni na Maktau, na wanaowapeleka wageni kuyaona huwakumbusha wasiondoke nayo.

Baada ya vita zikaja bunduki za kitajiri, za Purdey, Rigby na Holland & Holland, na ndani ya duka la Shaw & Hunter la Nairobi mwindaji aliweza kutengenezewa yake bila kuipeleka London. Denys Finch Hatton, aliyekuwa akiwaongoza matajiri hao, alikufa Voi tarehe 14 Mei 1931 pamoja na mtumishi wake Kamau. Alikuwa amekuja kuwatafuta tembo kwa ndege, na ndege ikaanguka mara baada ya kuruka. Bunduki za daraja hilo zilikuwa na mwili uliopikwa kwa mifupa, rangi zake zikilindwa kwa vanishi nyembamba. Rangi hizo ni dhaifu mno. Jasho la kiganja linaziondoa pale mwindaji anapoishika bunduki akiibeba, mafuta makali ya kusafishia yanazimaliza, na jua la miaka linazififisha. Ganda gumu linabaki, wingu linakwenda, na bunduki inakuwa ya kijivu cha fedha chakavu, isipokuwa kwenye pembe ambazo mkono haufiki.

Hapo ndipo mwenye mali anapouliza: zinarudi?

Zinarudi. Kuna karakana zinazoishi kwa kazi hiyo, na maarufu zaidi ni ya Doug Turnbull, Bloomfield, jimbo la New York. Kila kiwanda cha zamani kilikuwa na namna yake ya kupanga vipande sandukuni na mchanganyiko wake wa mikaa, kwa hiyo Colt ina mawingu yake, Winchester yake, Purdey yake, na mrejeshaji mzuri anajifunza kuziiga. Siri nyingi zilikufa na wazee wa tanuri. Aliyezifukua kwa njia ya sayansi ni Oscar Gaddy, profesa wa uhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Illinois, ambaye katika miaka ya 1990 alifanya majaribio ya joto, mkaa na maji, na kuyachapisha ili wapenzi wa bunduki za mitutu miwili wayasome bila siri.

Lakini kazi ina ubaya wake. Ili kurudisha wingu, mwili wa bunduki unalainishwa kwanza kwa moto, unasuguliwa, kisha unapikwa upya. Chuma kinachotoswa majini kinajikunja, kwa hiyo mafundi hukifunga kwenye vyuma vinene ili kisipinde, na bado kuna vinavyotoka vimepinda, mbao hazikai tena na mitutu haifungi. Nakshi hupungua makali kila inaposuguliwa. Wanunuzi wa mnada nao wanajua: bunduki yenye asilimia ishirini ya rangi yake ya asili huwa na bei kubwa kuliko pacha wake aliyeng'arishwa jana. Mimi niko upande wa wanunuzi hao. Bunduki iliyokwisha kuharibiwa na msasa wa mtu mwingine haina cha kupoteza, ipikwe. Iliyochakaa kwa kubebwa iachwe, ipakwe nta, ifungiwe kabati kavu.

Njia za mkato zipo mbili. Ya kwanza ni sianidi iliyoyeyushwa, ambayo viwanda vya bei rahisi viliipenda kwa kuwa inamaliza kazi kwa dakika. Inatoa mistari mistari badala ya mawingu, na mvuke wake unaua. Ya pili ni ya walaghai: mwali wa gesi unapitishwa juu ya chuma kilichosuguliwa mpaka kinageuka buluu na kahawia. Inapendeza machoni, ila moto huo unaweza kulilegeza ganda gumu lililotengenezwa kwa saa nyingi, na kuiacha bunduki laini kuliko ilivyokuwa kabla ya kupambwa.

Nchini Kenya shughuli yote hii ina mlinzi wake. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inamtaka kila anayetengeneza au kukarabati silaha kwa biashara awe amesajiliwa, na kumiliki bunduki bila cheti ni kosa. Uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977, na bunduki nyingi za kitajiri zikafuata wateja wao nje. Zilizobaki mikononi mwa watu bila kibali mara nyingi zinaishia motoni kwa maana nyingine: Azimio la Nairobi la tarehe 15 Machi 2000 lilizitaka nchi za eneo hili kupambana na silaha haramu, na Novemba 2016 zaidi ya silaha 5,000 ziliteketezwa Ngong. Anayekuta gobori la babu darini huko Ndara asilipeleke kwa fundi wa kuchomelea. Apeleke habari zake polisi, na kama lina thamani ya historia, ofisi ya makumbusho iliyo karibu.

Na kama unaruhusiwa kuishika bunduki kuukuu na unauliza kama mawingu yake ni ya kweli, usitazame nje. Ondoa skrubu za bamba la mtambo, ambazo mara nyingi hazizidi mbili, ulitoe polepole kutoka kwenye mbao, ulipindue. Kipande kilichopikwa kwa mkaa kilikaa sandukuni chote na kikaanguka majini chote, kwa hiyo upande wa ndani, chini ya springi, ndani ya matundu ya skrubu na nyuma ya kinyundo, utakuta buluu na kahawia kali kuliko za nje, kwa sababu hazijawahi kuguswa. Mwali wa gesi haufiki huko. Ukikuta mawingu nje na ndani pana kijivu kikavu, au msasa umeacha mikwaruzo ya sambamba chini ya rangi, basi umeuziwa kazi ya juzi kwa bei ya kazi ya mwaka 1860.